Bata Niliyembatiza

Wiki iliyopita nilikuwa Mbalizi siku ya mnada, na mvua ilikuwa ya manyunyu, ile isiyomfukuza mtu wala kumwacha akauke. Mama mmoja alikuwa amekaa chini ya kipande cha turubai, mbele yake tenga la bata. Nikainama, nikasogeza pua karibu na tenga. Mama yule akaniuliza, "Unanunua, shangazi, au unanusa?" Nikamwambia nanusa. Akasema kunusa ni bure, ila nisiwazibie wateja njia.

Bata aliyelowa hanuki kama kuku. Kuku aliyelowa ananuka kama godoro la zamani. Bata ananuka mafuta, tope, na majani ya mtoni yaliyoanza kuoza, na ndani yake kuna kitu kitamu kidogo kama karanga mbichi. Mimi sijawahi kutulia mahali muda wa kutosha kufuga hata kuku. Nimewapikia chai wapasua mbao Mafinga, nimeuza chumvi barabarani, nimefuatana na watu hadi Chunya kutafuta dhahabu ambayo wenyewe walishaacha kuamini kwamba ipo. Lakini harufu ile naijua tangu ilipokuwa ndani ya nguo yangu mwenyewe, kwa sababu siku moja utotoni nilishinda nayo kwapani.

Kwetu ni upande wa Iringa, katika mabonde yanayoshuka kuelekea mto. Baba alikuwa kwenye mashamba ya chai Mufindi, mama akamfuata huko na mdogo wangu mgongoni, mimi nikaachwa kwa Bibi, mzaa baba. Bibi aliniita mke mwenzangu, kama bibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kike, na tuligombana kama wake wenza kweli: juu ya kuni, juu ya maji, na zaidi ya yote juu ya maswali yangu. Alikuwa hasemi Kiswahili. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho mnachosoma, lakini myasikie kwa Kihehe, kwa sauti nzito kidogo ya mtu ambaye jembe liko mkononi.

Kiswahili mimi nilikuwa nakiokota kwa mwalimu wa dini, katika kibanda cha udongo kilichokuwa kanisa siku ya Jumapili na shule siku nyingine. Nilikuwa miongoni mwa watoto waliokuwa wakingoja kubatizwa. Shule yenyewe haikunishika. Niliiacha darasa la tatu, maana kila nilipotumwa kitu nje nilipotea nikifuata msafara wa siafu nijue unaishia wapi. Ila lugha niliipenda, kwa kuwa niligundua kwamba inafunguka. Lia, liza. Tulia, tuliza. Umia, umiza. Unabadilisha mkia wa neno, na neno linaanza kumtendea mtu kitu. Hakuna aliyenifundisha hayo, niliyaona mwenyewe, na nilijivuna kama mtu aliyegundua mlango wa nyuma wa nyumba kubwa. Basi siku mwalimu alipoanza kutufundisha habari za kubatiza, sikuhitaji kuuliza maana yake. Bata, batiza. Kubatiza ni kumfanya mtu awe bata.

Msicheke haraka. Masista wa misheni walikuwa na bata weupe kwenye bwawa lao dogo, na siku moja ya sikukuu, wenzangu walipokuwa wakicheza, mimi nilikaa nikiwatazama hadi shingo ikauma. Bata anaingia majini, anazamisha kichwa, anajimwagia maji mgongoni, kisha anatoka mkavu. Maji yanamdondoka kama shanga zilizokatika uzi. Na mwalimu alitwambia kwamba aliyebatizwa huwa safi, na shetani humjia lakini hampati. Nikaelewa kabisa. Dhambi inamwagika juu yake, inateleza, inadondoka, yeye anaendelea na safari. Nimesikia mahubiri mengi tangu hapo, katika makanisa ya kila namna, na bado sijapata maelezo yaliyonikaa vizuri kuliko hayo.

Mwalimu alitufundisha pia kwamba mtoto mchanga akiwa katika hatari ya kufa na padri yuko mbali, mtu yeyote anaweza kumbatiza, hata mtoto mwenzake, mradi ana maji na anayajua maneno. Fundisho hilo nililishika kwa moyo wote. Wiki kadhaa nilitembea kijijini nikimtafuta mtu aliye katika hatari.

Ilikuwa miezi ile ya baridi, mvua zimekwisha, na watu walikuwa wameshuka kuchimba vinyungu. Kwa asiyejua, kinyungu ni shamba la bondeni. Udongo wa juu ukikauka, mnafuata maji chini, mnakata matete, mnachimba mifereji na kuinua matuta katikati yake, mnapanda mahindi na maharage wakati wengine wanatazama vumbi tu. Wa rika langu mnaikumbuka baridi ya miezi ile kabla sweta hazijafika kwa kila mtu. Ukungu ulilala bondeni nusu ya asubuhi. Tulipokuwa tukishuka, tulitafuta mahali ng'ombe alipolala usiku, tukasimama hapo kwa zamu ili nyayo zipate moto kidogo.

Siku hiyo tulikuwa watatu: Bibi, mimi, na Agnesi. Agnesi alikuwa binti wa baba mkubwa, amenizidi miaka mitatu, tena ameshabatizwa, na medali yake ilining'inia shingoni kwa uzi mweusi. Kila nilipobishana naye aliishika ile medali kwa vidole viwili, ubishi ukaishia hapo.

Bibi alikuwa akikata matete ukingoni mwa kinyungu. Ghafla ndege akatoka miguuni pake, ndege wa rangi ya udongo mwenye mdomo wa njano, akaanguka mbele yetu. Bawa moja lilikuwa linaburuta kwenye tope. Alijikokota akilia, akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Nyuma yake vifaranga vilitawanyika ndani ya matete kama punje zilizomwagika, na kabla sijavitazama vizuri vilikuwa vimekwisha. Akabaki mmoja. Alikuwa ametumbukia kwenye mfereji tuliouchimba jana yake, wenye kingo zilizosimama wima na maji ya baridi yaliyovurugika. Alipanda, akateleza. Alipanda tena, akateleza. Manyoya yake laini yalikuwa yamegandamana, ngozi ikionekana katikati, na kila alipotulia kichwa chake kilishuka hadi mdomo ukagusa maji.

Agnesi alisema tumchukue nyumbani tumwingize chini ya kuku wa Bibi aliyekuwa akilalia mayai, na Krismasi ikifika atakuwa ametosha sufuria. Bibi akamtoa kwa jembe taratibu, kama mtu anayeopoa jani, akamweka juu ya tuta.

"Mwacheni hapo," alisema. "Mama yake anatutazama. Twendeni upande ule, atakuja."

Nikamwambia mama mwenyewe amevunjika bawa, atamchukuaje mtoto? Bibi alitazama kule yule ndege alikokuwa akijikokota, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Amevunjika, eh?" alisema, akaondoka na jembe lake. Bibi hakuwa mtu wa kukumalizia jambo.

Agnesi akamfuata. Mimi nilitakiwa niwafuate, na miguu yangu ilianza kwenda, lakini macho yalibaki. Nilitaka kuona jambo moja tu. Nikarudi, nikachuchumaa. Kifaranga alikuwa anatetemeka mwili mzima, na nilipousogelea uso wake nikaona kile nilichokuwa sijakiona mara ya kwanza: mdomo bapa, kama kijiko. Ndege huyu wa porini kwa Kihehe ana jina lake, na sikuwa nimewahi kumfikiria kuwa jamaa ya wale weupe wa masista. Lakini mdomo haukuwa na ubishi. Huyu alikuwa bata.

Sasa nikashikwa. Alikuwa bata gani huyu, ambaye maji yanamwingia? Nilimtazama mgongoni: hakuna tone lililosimama kama shanga, yote yamezama hadi kwenye ngozi. Nikafikiri kwa bidii, nadhani sijawahi kufikiri kwa bidii kama ile tena. Jibu lilipokuja lilikuwa jepesi hata nikashangaa. Alikuwa bado hajabatizwa. Alizaliwa na umbo la bata, ila bado hajafanywa bata. Na alikuwa katika hatari, na padri yuko mbali.

Agnesi aliniona nikichota maji ya mfereji kwa kibuyu, akaja mbio. Akaniambia ni dhambi, mnyama habatizwi.

"Huyu si mnyama," nilisema. "Ni bata."

"Bata ni mnyama."

"Basi kwa nini inaitwa kubatiza?"

Agnesi alifungua mdomo, akaishika medali, akafunga mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza kumshinda, na ushindi huo ulinipa nguvu ya kuendelea. Nikammwagia kifaranga maji kichwani mara tatu nikisema maneno niliyofundishwa, na nikampa jina la Petro, kwa sababu Petro alitembea juu ya maji.

"Petro alizama," alisema Agnesi. "Ulikuwa umelala siku ile?"

Kifaranga aliacha kutetemeka. Nilifurahi, nikamwonyesha Agnesi: tazama, ametulia. Utando mweupe ukapanda kutoka chini ya jicho lake, ukalifunika. Shingo ikalala upande mkononi mwangu, laini, nyepesi kama uzi uliolowa, na ndipo nikaogopa.

Agnesi alirudi nyuma hatua moja, akasema atamwambia Mwalimu, akabeba mzigo wake wa kuni akapanda nyumbani. Kwa haki yake niseme kwamba sidhani alimwambia. Mwalimu hakuwahi kuniuliza, na Pasaka iliyofuata nilibatizwa pamoja na wengine.

Bibi alipokuja aliniuliza nimefanya nini. Nikaanza kumweleza. Na hapo, nikiwa nimesimama kwenye tope na kile kitu kimelala kiganjani, ikanitokea aibu ambayo bado naihisi nikiikumbuka: hoja yangu haikuweza kusemwa kwa Kihehe. Niligeuza huku na huku. Jina la ndege lilikuwa neno la peke yake, na kubatiza tulikutaja kwa namna nyingine kabisa, na maneno hayo mawili hayakujuana hata kwa salamu. Kilichokuwa wazi kama jua dakika chache kabla kilibomoka mdomoni mwangu. Nilibaki nikisema, "Nilimpa maji, Bibi. Nilimpa maji."

"Ulimpa maji," alisema Bibi, "mtoto anayekufa kwa maji."

Hakupiga kelele. Nikamwuliza kama atakufa.

"Hilo silijui. Nilisema mwacheni, na kama mngemwacha ingekuwa juu yake na mama yake. Sasa umemgusa, umeshaingia. Huwezi kutoka humo kabla hajakauka."

Akafungua ncha ya kaniki yake, akamfuta kifaranga taratibu kutoka kichwani kwenda mkiani, akapuliza pumzi yake ya moto kwenye manyoya, akafuta tena. Kisha akaniinua mkono, akanichomekea kile kifaranga kwapani, ndani ya gauni. Alisema moto wa mtoto unapita wa mzee, na nisikaze mkono wala nisiulegeze. Akanikalisha kwenye jiwe ambalo jua lilikuwa limeanza kulifikia, akarudi kwenye jembe.

Nilikaa. Mtu asiyeweza kukaa, nilikaa. Mwanzoni ilikuwa kama kuweka jongoo wa baridi kwapani. Kisha sikuhisi chochote, na huo ndio uliokuwa wakati mbaya zaidi. Kisha, sijui baada ya muda gani, nikahisi kitu kinagonga kwenye ubavu wangu kwa haraka mno, haraka kuliko kitu chochote nilichojua, nikadhani ni mimi. Nikazuia pumzi kuhakikisha. Alikuwa yeye. Harufu ikaanza kupanda kutoka kwenye shingo ya gauni, ya mafuta, tope na karanga mbichi. Jua lilipokuwa juu kabisa alitikisika, akanichoma kwa ule mdomo wa kijiko, akalia sauti nyembamba ambayo ilinikuna mwili mzima.

Tangu hapo nilikuwa nimeshaamua. Nilimpangia kikapu, nikampangia minyoo, nikampangia pa kulala karibu na mafiga. Bibi alipokuja kutuangalia nikamwambia sina budi kumchukua, kwa kuwa mama yake ni kilema. Nilisema kwa huruma, lakini nadhani ndani nilishukuru kwa lile bawa lililovunjika.

"Haya," alisema Bibi. "Nipe mtoto. Nenda kamtazame huyo kilema."

Ndege alikuwa bado yuko, ng'ambo ya mfereji wa mwisho. Aliponiona alilia na kuanza kujikokota. Nikamfuata. Nilikuwa nimeweka nia ya kumkamata naye nimtibu, nimfungie bawa kwa vijiti kama nilivyoona watu wakimfanyia mbuzi aliyevunjika mguu. Kila nilipokaribia hatua tatu alijitupa mbele hatua tatu. Nikaingia tope la magoti, nikaingia la mapaja. Tukapita kijito cha pili, tukapita vinyungu vya majirani, bawa likiburuta, yeye akilia kama mtu aliyefiwa. Na tulipofika mbali, mahali ambapo hata jembe la Bibi lilikuwa halisikiki, alisimama. Akalikunja bawa lake vizuri. Akaruka. Mabawa yote mawili yalikuwa mazima, akapiga mzunguko mmoja juu ya kichwa changu na kurudi moja kwa moja tulikotoka.

Nilisimama pale nikiwa nimetapakaa tope hadi kiunoni. Kwanza nilikasirika, kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe. Kisha nikaanza kucheka peke yangu. Sikuwa nimejua kwamba inawezekana kudanganya bila neno, kwa mwili mtupu, na kwa ajili ya mtoto. Nimefuata vitu vingi vilivyochechemea mbele yangu maishani, na vingi vimeruka vivyo hivyo mkono ulipokaribia, lakini sijapata kumlaumu yeyote kwa moyo wote, kwa sababu wa kwanza wao alikuwa na sababu njema.

Niliporudi nilimwambia Bibi kwamba ana mabawa yote mawili.

"Ndiyo," alisema.

"Ulijua."

"Nilikuwa nataka uchoke kidogo, mke mwenzangu, ili tukae bila maswali."

Kifaranga alikuwa amekauka. Alikuwa mpira wa manyoya ya njano na kahawia, macho meusi yamefunguka, akizunguka kwenye kiganja cha Bibi kana kwamba anakagua shamba. Bibi alinirudishia, akatembea nami hadi ukingo wa matete, mbali na mifereji, mahali maji yalipokuwa ya kina kifupi na yametulia. Akaniambia nimweke chini mwenyewe. Nikamweka. Alielea. Alikaa juu ya maji kama jani, akapiga miguu mara mbili, akageuka akanijia. Akapanda kwenye unyayo wangu, akatulia.

Nikamrudisha majini. Akarudi kwenye unyayo.

Ndani ya matete, si mbali, nikasikia sauti. Ilikuwa ya chini, ya kukwaruza, ikiita na kunyamaza, ikiita na kunyamaza. Bibi alikuwa ameisikia kabla yangu. Alifunga kaniki yake, akabeba jembe begani.

"Ukikaa hapa, haji," aliniambia. "Atakaa humo hadi jioni, na jioni baridi itarudi. Unataka kumwona, au unataka aje?"

Akaondoka. Hakungoja jibu.

Nilitaka vyote viwili. Mimi ni mtu wa vyote viwili hadi leo. Basi nikajaribu ujanja: nilimweka kifaranga majini, nikakimbia, nikalala kifudifudi nyuma ya tuta, jicho moja tu juu ya udongo. Sauti ya matete ikanyamaza kabisa. Kifaranga alizunguka, akalia, akaja moja kwa moja hadi puani pangu. Nilimrudisha mara ya pili, nikajificha mbali zaidi, na ikawa vilevile: yule wa ndani aliniona kila nilipolala, na huyu wa nje alinipata kila nilipojificha. Juu yetu mwewe alikuwa ameanza kuzunguka. Jua lilikuwa limeanza kuegemea.

Mara ya tatu nilimweka karibu kabisa na matete, nikasimama, nikawapa mgongo. Nikaanza kupanda mlima kwa hatua kubwa, ili wasikie kwamba naenda. Alinililia. Alinililia sehemu yote ya chini ya njia, pale penye mawe, na hadi kwenye mti uliopigwa na radi, sauti ile nyembamba ikinivuta kisogo kama mtu ameshika nywele zangu. Nilihesabu hatua ili nisisikie. Kisha ikakatika.

Haikupungua polepole. Ilikatika katikati, kama mtu aliyefunikwa mdomo. Nilisimama. Inaweza kuwa mama yake amefika. Inaweza kuwa mwewe. Kulikuwa na hatua kumi tu hadi mahali njia inapopinda na bonde linapopotea, na kabla ya hapo kugeuza shingo kungetosha kabisa kujua. Lakini kama alikuwa ndiyo kwanza anatoka kwenye matete, uso wangu ungemrudisha. Niliangalia vidole vyangu vya miguu, tope limekauka juu yake na kupasuka. Nikazitembea zile hatua kumi.

Bibi alikuwa mkekani nje ya nyumba, akipukuchua mahindi.

"Mama yake amekuja?" aliuliza bila kuinua macho.

"Sijui."

Mikono yake ikasimama. Akanitazama kuanzia miguuni hadi usoni. "Hukugeuka?"

"Sikugeuka."

Akajivuta upande mmoja wa mkeka, akanipigia nafasi kwa kiganja, akanisogezea magunzi yaliyobaki na mahindi yake. Tulipukuchua pamoja hadi ungo ukajaa, na sikumwuliza kitu chochote.